"Aidha" ya Waswahili na "either" ya Waingereza

Barua nne zilizotufikia mwezi huu kutoka mkoa wa Tanga zinauliza, kila moja kwa njia yake, juu ya neno moja la Kiingereza ambalo hutumiwa mtu anapowekewa vitu viwili achague: "either". Tumezijibu pamoja, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu imekwishazua ugomvi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana ninayechapa barua na mikataba katika duka la steshenari hapa Ngamiani. Hivi karibuni nilimchapia mzee mmoja mkataba wa kupangisha fremu yake ya duka. Katika kifungu cha malipo niliandika hivi: "Mpangaji atalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo aidha ataweka amana ya miezi miwili kabla ya kukabidhiwa ufunguo." Mpangaji akaja na amana ya miezi miwili, mzee akamwambia bado anaidai kodi ya miezi sita. Mpangaji akasema yeye amechagua kuweka amana na mkataba umempa ruhusa ya kuchagua. Mzee akasema mkataba umetaja vyote viwili. Waliponirudia dukani, mzee aliitandaza karatasi juu ya meza, akaweka kidole chini ya neno "aidha", akaniuliza, "Mwanangu, hili wewe unalijua kuwa ni nini?" Nikamjibu kuwa ni "either", yaani hiki au kile. Alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Naomba unieleze, nani kati yetu aliyekosea? — *Mchapaji, Ngamiani*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa jinsi maandishi yalivyo, mzee amesoma sawasawa, mpangaji amesoma kama wasomavyo watu wengi wa siku hizi, na aliyewakosanisha ni wewe, ingawa kosa lako hukulibuni mwenyewe bali umelikuta mitaani likitembea kifua mbele.

Neno "aidha" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni "pia" au "vilevile". Sauti ile ya "dh" iliyo ndani yake imetokana na herufi ya Kiarabu iitwayo dhadi, ambayo ndiyo iliyotupa pia "dh" ya ardhi, fedha, kadhi, dhamana na Ramadhani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inalipa neno hili maana ya tena, pia, zaidi ya hayo. Ukitaka kulisikia likifanya kazi yake halali, fungua redio wakati wa Bunge la bajeti na usikilize waziri akisoma hotuba: amekwisha kusema wizara yake imejenga nini, anavuta pumzi, kisha anasema, "Aidha, Mheshimiwa Spika", na hapo kila mtu anajua kwamba orodha haijakwisha na kuna jingine linaongezwa juu ya yaliyotangulia. Waziri huyo hampi Spika nafasi ya kuchagua.

Kwa hiyo mtu aliyelijua neno hili tangu chuoni, alipokuwa akifundishwa kusoma Kiarabu, akikutana na sentensi yako anasoma kwamba mpangaji atalipa kodi ya miezi sita na, zaidi ya hayo, ataweka amana ya miezi miwili. Jumla ni fedha ya miezi minane. Mpangaji wako alisoma miezi miwili tu. Tofauti ya miezi sita imetoka katika neno moja lenye herufi tano.

Sasa tulitazame la Kiingereza. "Either" ni neno la Waingereza wenyewe tangu lugha yao ilipokuwa changa, na halina undugu wowote na la Kiarabu. Lilitokana na kuunganishwa kwa maneno mawili ya kale, moja la kutaja "kila mara" na jingine la kuuliza "kipi kati ya viwili", kisha matumizi yakalifupisha. Ni bahati tu kwamba Waingereza wengi hulitamka kama vile Mswahili anavyotamka "aidha", hata ile "th" yao iliyo katikati ikawa ndiyo "dh" yetu yenyewe. Maneno mawili yaliyozaliwa mbali namna hiyo yamekutana kwenye masikio ya mwanafunzi wa Kitanzania, naye akadhani ni neno moja. Aliposikia darasani "either this or that", akarudi nyumbani akasema "aidha hiki au kile", na kwa kuwa neno lilikwishakuwamo katika Kiswahili, hakuna aliyemshtukia kwamba ameingiza neno geni. Angelichukua "choose" la Waingereza akasema "chuzi hiki au kile", tungemcheka siku ileile.

Nakiri kwamba waliokosea ni wengi, wakiwamo watangazaji na wanasiasa, na mimi mwenyewe nikiwa kijana niliandika "aidha… au" katika muhtasari wa kikao na hakuna mjumbe aliyeinua mkono. Yupo pia atakayeniambia kwamba lugha ni mali ya wasemaji, na kwamba neno moja linaweza kubeba maana mbili bila madhara. Ni kweli, na mfano tunao. Neno "ama" limekusanya ndani yake maneno mawili ya Kiarabu, moja la kuanzia habari mpya, kama tunaposema "ama kuhusu posho, tutazungumza kesho", na jingine la kuchagua, kama katika "ama uje, ama ukae". Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu maana hizo mbili hazikai mahali pamoja wala hazijengi sentensi ya namna moja. Lakini "aidha" ya kuongeza na "aidha" ya kuchagua hukaa palepale, katikati ya mambo mawili, na msomaji hana alama ya kumwonyesha ni ipi. Tena maana zenyewe zinapingana, kwa kuwa moja inavikusanya vitu viwili na nyingine inamtaka mtu aache kimoja. Barazani kosa hilo halina gharama, maana msikilizaji ataona uso wako na akiwa na shaka atakuuliza. Karatasi haiulizwi, na ndiyo sababu nasema kwamba katika mkataba, wasia, katiba ya kikundi au tangazo la zabuni, "aidha" ya kuchagua isiandikwe kabisa.

Kipimo chepesi ni kuweka "pia" mahali pa "aidha". Ukisema "Serikali imejenga zahanati, pia imechimba kisima", sentensi inasimama, basi na "aidha" ingesimama. Ukisema "Atakuja pia Jumatatu au Jumanne" ukiwa na nia ya kumaanisha siku moja tu kati ya hizo mbili, unaona mwenyewe kwamba umepotea njia.

Wala hatukuwa na upungufu wa maneno uliotulazimisha kukopa. Nenda jioni kwa muuza kahawa hapo mtaani kwenu, uone anavyokukaribisha akiwa na birika mkono mmoja na vikombe mkono wa pili. Atakuuliza, "Kashata au halua?" Ukiwa huna unachokipendelea, utamjibu, "Yoyote," na jibu hilo ndilo ambalo Mwingereza angelitoa kwa kusema "either" peke yake. Tazama basi kwamba neno lao moja limegawanywa kwetu katika mawili: "au" inasimama katikati ya vitu vinavyotajwa, na "yoyote" au "mojawapo" inasimama badala ya vitu vyenyewe. Mtu anayetafuta neno moja la Kiswahili la kulitosheleza "either" kila linapotokea hatalipata, na kulikosa si aibu ya lugha yetu.

"Ama… ama" ina nguvu kuliko "au" inayokaa peke yake. Wawili waliokamiana wakisema "ama zangu ama zake", hakuna anayefikiri kwamba watagawana ushindi. "Au" yenyewe ni pana zaidi. Mwalimu mkuu akibandika tangazo kwamba mtoto mwenye homa au kikohozi asiletwe shuleni, mzazi hawezi kumleta mwenye homa na kikohozi pamoja kwa hoja kwamba tangazo lilitaja kimoja tu. Hapo "au" imejumuisha hiki, kile, na vyote viwili. Kwa hiyo hata "au" ikitumiwa katika mkataba inafaa isindikizwe na maneno yanayoufunga mlango. Kifungu chako ningekiandika hivi: "Kabla ya kukabidhiwa ufunguo, mpangaji atachagua kufanya jambo moja kati ya haya mawili: ama alipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ama aweke amana ya miezi miwili. Akitimiza mojawapo, hatadaiwa la pili." Na kama makubaliano yao ya mdomo yalikuwa ni vyote viwili, andika "na pia ataweka", uiache "aidha" ipumzike, kwani hata ikitumiwa kwa usahihi, wapo wapangaji watakaoisoma vingine. Mkataba uliokwishatiwa saini usiukwangue wala kuupaka wino mweupe. Waite wote wawili, chapa mpya, watie saini tena mbele ya mashahidi, na gharama ya karatasi ibebe wewe.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Pangani. Tulipewa kutafsiri sentensi ya Kiingereza iliyosema kwamba kuna minazi "on either side of the river". Nikaandika "minazi ipo upande mmojawapo wa mto", kwa kuwa nimefundishwa kwamba "either" ni moja kati ya mbili. Nimekatwa alama. Kwa nini? — *Mwanafunzi, Pangani*

JIBU: Umekatwa kwa haki, lakini nakuhurumia, maana neno lenyewe lina hila. Ulipaswa kuandika "minazi ipo kila upande wa mto" au "kwenye kingo zote mbili". Bila shaka umewahi kupanda kivuko cha kwenda Bweni. Ukifika katikati ya maji, geuza shingo kaskazini uutazame mji wa Pangani, kisha kusini uitazame Bweni. Mwingereza aliyesimama nawe hapo, akitaka kusema kwamba nyumba zipo huku na huku, anaweza kabisa kutumia "on either side", wala hamaanishi kwamba upande mmoja hauna nyumba.

Maana hiyo ya "kila mmoja wa wawili" ndiyo iliyotangulia katika historia ya neno. Ile ya "huyu au yule", unayoijua wewe, ilikuja kupata nguvu miaka kama mia saba iliyopita, ikalimeza neno karibu lote, lakini ya kwanza haikufa. Imebaki ikiishi hasa pamoja na maneno ya pande, kingo, ncha na mikono. Ndiyo sababu katika Kiingereza mlinzi anaweza kusimama "at either end" ya daraja wakawa walinzi wawili, na bibi harusi akawa na bangili "on either wrist" zikawa mbili.

Utajuaje basi kwamba sasa ni vyote, na sasa ni kimoja? Jiulize kama kuna mtu anayetakiwa kufanya uamuzi. Ukitoka Tanga kwa basi ukafika njia panda ya Segera, unaweza kushika kushoto kuelekea Chalinze, au kulia kuelekea Korogwe na Moshi. Dereva akiambiwa "you can take either road", hapo pana mtu wa kuamua, na barabara atakayoifuata ni moja. Yule fisi wetu aliyeshindwa na njia mbili ndiye aliyejaribu kuifasiri sentensi hiyo kama ya minazi. Minazi ya Pangani haina la kuamua, imeota tu. Tena kumbuka kwamba "either" ni ya viwili. Aliyetoka Tanga anazo barabara mbili mbele yake, lakini aliyekaa Segera penyewe anazo tatu, akihesabu na hiyo ya Tanga, na huyo Kiingereza kinamtaka aseme "any". Kiswahili hakijali, "yoyote" inatosha kwa mbili na kwa mia.

Wewe unapoandika insha yako ya Kiingereza, sema "on both sides" kama unakusudia pande zote mbili. Ni sahihi, ni wazi, na msahihishaji hatakuwa na la kukukata.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, Muheza. Wanafunzi wangu wanabishana kama ni "either of the oranges is sweet" au "are sweet". Pia wananiuliza kwa nini "either" huonekana mwishoni mwa sentensi za kukanusha, mahali ambapo hakuna anayechagua kitu. — *Mwalimu, Muheza*

JIBU: La kwanza ni jepesi, Mwalimu. Katika maandishi ya uangalifu andika "is", kwa sababu chungwa linalozungumziwa ni moja, kama sisi tunavyosema "mojawapo ya machungwa hayo ni tamu" wala hatusemi "ni matamu". Katika mazungumzo utawasikia Waingereza wenyewe wakisema "are", na usiwaige kwenye mtihani. Panapokuwa na "either" na "or", kitenzi hufuata kilicho karibu nacho: ukimalizia na mwalimu mkuu kitenzi kiwe cha umoja, ukimalizia na walimu kiwe cha wingi.

La pili ndilo tamu. Kiswahili hutumia "pia" katika kukubali na katika kukataa: "Mimi pia nataka", "Mimi pia sitaki". Kiingereza hakiruhusu. Katika kukubali kinasema "I want it too", lakini kikianza kukana, "too" inaondoka na "either" inachukua kiti: "I don't want it either". Hapo hakuna uchaguzi wowote. Maana yake ni "pia" kabisa, au ile "wala" yetu tunaposema "wala mimi". Unaona mzaha wa bahati? Neno la Kiingereza ambalo watu wamelilazimisha kuwa "aidha" yetu, linapokaa mwishoni mwa sentensi ya kukanusha linakuwa na maana ya "aidha" kwelikweli. Nakuomba wanafunzi wa kidato cha kwanza usiwaambie hili hadi wawe wamelimeza lile la mchapaji wa Ngamiani, la sivyo utawavuruga.

Na katika kukataa vitu viwili, Kiswahili kinayo "wala" inayotosha peke yake: "Sinywi chai wala kahawa." Wapo wanaoandika "sinywi aidha chai au kahawa", wakiwa wamekiacha kiti cha mzee wao kitupu na kwenda kuazima benchi.

SWALI: Natembeza wageni katika mapango ya Amboni. Shuleni nilifundishwa kutamka "aidha", lakini wageni wa kutoka Marekani wengi wao husema "iidha", na mmoja alinirudishia neno hilo kana kwamba ananisahihisha. Kati ya matamshi hayo mawili, niyashike yapi? — *Mtembeza wageni, Amboni*

JIBU: Uingereza wengi husema "aidha", Marekani wengi husema "iidha", na katika nchi zote mbili utawapata wanaosema kinyume cha majirani zao bila kuhesabiwa kuwa wamekosea. Hata "neither" hufuata mkondo huohuo, kwa hiyo ukichagua sauti moja kwa hili, ichukue na kwa lile. Mgeni huyo akikuuliza tena ni matamshi yapi yaliyo sahihi kati ya hayo mawili, mjibu kwa neno moja tu, "Either", na ulitamke upendavyo.